Shajara ya mradi: Benz 1113 inaacha rimu za pete, inahamia tyubulesi 22.5

Gari lilivyo

Lori ni Mercedes-Benz L 1113 ya pua fupi, injini OM 352: silinda 6, lita 5.7, nguvu farasi 130 hivi. Magurudumu ni 6 chini na 1 la akiba. Mbele moja moja, nyuma pacha. Tairi zilizokuwepo ni 9.00-20 za nyuzi mshazari, zenye tyubu na flapu (mkanda wa raba unaoilinda tyubu isisuguane na rimu), juu ya rimu za vipande zenye upana wa inchi 7.0. Kazi yake ni mizigo ya ndani ya Lubumbashi, kusini mwa Kongo, safari za Likasi na Kasumbalesa, na mara chache barabara ya vumbi ya Kasenga.

Tunachotafuta ni rimu 7 za kipande kimoja za tyubulesi (tairi zisizo na tyubu), inchi 22.5, bila kubadilisha ekseli, breki wala difu.

Sababu ni pete. Rimu ya zamani hushika tairi kwa pete ya chuma iliyokatwa sehemu moja, inayokaa ndani ya mfereji wa rimu. Mfereji ukiliwa na kutu, au pete ikiwa imetoka kwenye rimu ya aina nyingine, hukaa nusunusu. Kwa macho inaonekana imeingia, lakini tairi ikishajaa upepo pete inaweza kuruka kwa nguvu ya kuua mtu. Kwenye lori hili tumekuta pete zenye alama zisizolingana na rimu zake, na mbili zimenyooshwa kwa nyundo. Pete iliyopinda hainyooshwi. Hutupwa, na ni vizuri ikatwe kwanza ili asije mtu akaiokota na kuirudisha sokoni.

Kwa yeyote anayevua magurudumu ya namna hii: toa upepo wote kwanza, kwa kufungua sindano ya vali, gurudumu likiwa bado kwenye gari. Kwa magurudumu pacha, toa upepo wa yote mawili kabla ya kulegeza nati hata moja. Kama rimu ya ndani imepasuka, nati ndizo peke yake zinazoizuia isifumuke. Pitisha waya mwembamba ndani ya vali kuhakikisha haijaziba. Vumbi jekundu la huku likichanganyika na maji huganda humo kama udongo wa tanuru.

Ukubwa wa tairi: sehemu rahisi

Inchi 22.5 haina maana ya gurudumu kubwa zaidi ya inchi 20. Rimu ya pete ina mgongo bapa na kiti chenye mwinamo wa digrii 5, tairi inaingia kwa pembeni baada ya pete kutoka. Rimu ya tyubulesi haifunguki, kwa hiyo lazima iwe na bonde la kuzamishia mdomo wa tairi (ukingo wake unaokaa kwenye rimu) wakati wa kuvisha, na kiti chake kina mwinamo wa digrii 15 unaobana mdomo huo usivujishe. Kiti kimesogezwa nje, ubavu wa tairi umefupishwa, na kipenyo cha nje kinabaki kilekile. Ndiyo maana kila kipimo cha 20 kina ndugu yake wa 22.5:

8.25-20 → 9R22.5, kipenyo karibu milimita 970
9.00-20 → 10R22.5, karibu 1020
10.00-20 → 11R22.5, karibu 1050
11.00-20 → 12R22.5, karibu 1085
12.00-20 → 13R22.5, karibu 1125

Kwa lori letu jibu ni 10R22.5. Upana wake ni milimita 254 hivi, rimu yake ni 6.75 au 7.50. Tairi ya 10R22.5 yenye namba ya mzigo 141/139 inabeba kilo 2575 ikiwa peke yake na 2430 ikiwa pacha. Nyuma hiyo ni kilo 9720 kwa tairi nne, mbele 5150 kwa mbili. Lori la tani 11 halitafika huko hata likijazwa kwa ubishi.

Tatizo ni kwamba Lubumbashi ni mji wa malori ya madini. Kinachojaa madukani ni 315/80R22.5, 12R22.5, kisha 11R22.5 na 295/80R22.5. Muuzaji akisikia « vingt-deux cinq » (22.5 kwa Kifaransa) anakuletea 11R22.5 na kukuhakikishia kuwa inaingia kwenye rimu ya 7.50. Hasemi uongo, inaingia. Ila kipenyo cha 1050 badala ya 1020 kinarefusha gia kwa karibu asilimia 3: mshale ukisema kilomita 60 kwa saa, gari liko karibu 62. Kwa nguvu farasi 130 na mzigo mgongoni, asilimia 3 inasikika kwenye kila mlima. Hilo lingevumilika. Lisilovumilika liko kwenye upana, na linakuja hapa chini.

275/80R22.5 ilifikiriwa pia. Kipenyo chake ni milimita 1011, karibu sawa kabisa na cha zamani, lakini upana ni 276. 275/70R22.5 za mabasi ya mjini zina kipenyo cha 956 tu. Zingefupisha gia kwa asilimia 6 na kushusha ekseli sentimita 3. Zimekataliwa.

Sahani ya rimu: hapa ndipo mradi unapofia

Watu hutafuta rimu kwa kutaja tairi. Rimu hununuliwa kwa sahani yake, yaani chuma cha katikati chenye matundu. Vipimo vitano vinatakiwa viandikwe kwenye karatasi kabla ya kwenda sokoni, na tulivichukua hivi.

Idadi ya stadi na duara lake. Stadi, yaani boliti za kushikia gurudumu, ni 8. Kwa idadi isiyogawanyika kwa mbili ungehitaji hesabu, lakini kwa 8 unapima moja kwa moja: kutoka katikati ya stadi moja mpaka katikati ya ile inayoitazama. Njia yenye uhakika zaidi ni kupima kwa vernia kutoka ukingo wa nje wa moja mpaka ukingo wa ndani wa nyingine. Tumepata milimita 275.

Tundu la katikati. Rimu za 8 × 275 (stadi 8, duara la 275) kwa kawaida zina tundu la milimita 221. Malori mazito ya Ulaya ni 10 × 335 na tundu la 281, ndiyo yaliyojaa Lubumbashi na hayana msaada wowote kwetu. Kuna pia za Kijapani zinazopita mpaka kutoka Zambia: 8 × 285, tundu 221. Hizi ndizo mtego. Tundu la katikati linalingana, idadi ya matundu inalingana, na tofauti ya duara ni milimita 10 tu, yaani kila stadi iko nje kwa milimita 5. Kuna fundi atakayekuambia apanue matundu kwa gesi. Mwache aendelee na kazi nyingine.

Namna ya kukaa katikati. Hiki ndicho kipimo ambacho karibu kila muuzaji hakijui, na ndicho muhimu kuliko vyote. Rimu za zamani za Benz hii hushikwa katikati na nati: kila tundu la sahani limechimbwa kibakuli, na nati ina kichwa cha mviringo kinachoingia humo. Habu, yaani kitovu cha gurudumu, yenyewe haibebi rimu. Rimu nyingi za kisasa hufanya kinyume: tundu la katikati linakaa kwa kubana juu ya habu iliyochongwa, matundu ya stadi yamenyooka bila kibakuli, na nati ni bapa yenye washa inayozunguka.

Ukifunga rimu ya matundu yaliyonyooka kwa nati za mviringo, nati inagusa ukingo wa tundu kwa mstari mwembamba tu. Inakaza leo, kesho chuma kimeliwa, nati imelegea, tundu limekuwa yai. Ukifunga kwa nati bapa kwenye habu ya zamani, rimu inakaa popote inapopenda. Tulisafisha habu na kuipima: milimita 219.5 upande mmoja, 219 upande mwingine, uso wa kuchongwa haupo. Ndani ya tundu la 221 hiyo ni nafasi ya milimita moja na nusu hadi mbili, na rimu ingecheza hivyohivyo kila inapofungwa. Uzito wote unaangukia stadi, zinakatwa moja baada ya nyingine, na kwa kawaida dereva hugundua ya tatu.

Njia zilizopo ni tatu. Ya kwanza, kutafuta rimu za 22.5 zenye vibakuli. Zilitengenezwa, kwa sababu kulikuwa na kipindi ambacho tyubulesi imeshaingia na nati za mviringo hazijatoka. Ya pili, kubadilisha habu zote nne na kuweka za lori jipya zaidi lenye ekseli ya aina moja. Ni kazi safi lakini inavuta beringi, sili, na mara nyingine ngoma za breki. Ya tatu ni kukata sahani ya zamani na kuichomelea ndani ya rimu mpya. Kiwandani, kwa mashine inayozungusha na kupima, jambo hilo hufanyika. Mtaani, kwa elektrodi na jicho, hapana. Uchomeleaji wa gurudumu hubeba tani mbili unaposimama, na zaidi ya hapo kila unapoingia shimo.

Tumechagua ya kwanza.

Nafasi kati ya magurudumu pacha. Pima kutoka mstari wa katikati wa rimu mpaka uso wa sahani unaogusana na mwenzake, kisha zidisha kwa mbili. Rimu za zamani: 145, yaani nafasi ya 290. Kanuni tunayotumia ni upana wa tairi kujumlisha milimita 35, halafu kuhakikisha kwenye jedwali la mtengenezaji wa tairi. Kwa 10R22.5 inakuja 289. Kwa 275/80R22.5 ni 311, kwa 11R22.5 ni 314, kwa 295/80R22.5 ni 333. Sasa inaonekana kwa nini 11R22.5 ya yule muuzaji imekataliwa: kwenye nafasi ya 290 mbavu zinabaki na milimita 11 gari likiwa tupu. Likipakiwa, mbavu zinavimba chini na kusuguana. Msuguano unaleta joto, joto linakula mpira, na jiwe dogo likinaswa katikati linamaliza kazi iliyobaki.

Wapo wanaoweka pete ya chuma kati ya rimu mbili ili kuongeza nafasi. Kila milimita ya pete hiyo inapunguza uzi wa stadi unaoshikwa na nati ya nje. Bila stadi ndefu zaidi, ni kuhamisha tatizo kutoka kwenye tairi kwenda kwenye stadi.

Kipimo cha tano ni unene wa sahani, kwa sababu hiyohiyo ya stadi. Sahani za tyubulesi tulizoziona ni nene kuliko za zamani, na nyuma zinakaa mbili. Nati ikikazwa, uzi lazima utokeze angalau kidogo nje yake.

Ngoma ya breki haikuleta shida. Kwa rimu ya 22.5 juu ya gari lililokuwa na 20, nafasi ya ndani kwa kawaida inatosha. Anayefikiria kushuka 19.5 ndiye apime mara mbili, kwa kuwa bonde la rimu linakaribia ngoma.

Sokoni

Hali: rimu 6 zimepatikana, ya 7 bado.

Chanzo kizuri si maduka ya tairi bali wanaovunja malori ya wastani ya Ulaya, ya tani 12 hadi 15. Huko ndiko 8 × 275 ilikotumika. Kwenye malori mapya ya ukubwa huo sahani mara nyingi ni za kukaa juu ya habu, kwa hiyo zilizokataliwa ni nyingi kuliko zilizochukuliwa. Upande wa Zambia, Kitwe na Ndola, kuna mali nyingi ya Afrika Kusini, lakini mtu atakayetumwa lazima aende na kipimo cha mbao, si na picha ya simu. Chetu ni ubao wa plaiwudi wenye misumari 8 kwenye duara la 275 na duara la 221 lililokatwa katikati. Ukiuweka juu ya sahani unajua hapohapo, na ule mtego wa Kijapani wa 285 unakamatwa bila mabishano. Kwa kibakuli tunatembea na nati moja ya zamani: paka rangi ya penseli au masizi kwenye kichwa chake, izungushe ndani ya tundu, kisha angalia alama. Pete pana ya rangi ni sawa; mstari mwembamba ni hapana.

Rimu zilizochukuliwa ni 7.50 × 22.5, matundu 8 yenye vibakuli, nusu ya nafasi ni 147, yaani 294 kwa pacha. Zimepigwa muhuri wa mzigo na upepo wa juu kwenye sahani. Rimu isiyo na muhuri unaosomeka hatukuigusa, hata ya bei nafuu, kwa sababu tairi ikiweza kubeba na rimu isiweze, inayotawala ni rimu.

Ukaguzi ulifanyika baada ya kusugua kwa brashi ya waya, si kabla. Rangi mpya juu ya rimu ya okazio (mtumba) ni ya kutiliwa shaka zaidi kuliko kutu. Tulitazama nyufa kati ya matundu ya mkono (yale makubwa ya sahani yanayopitisha mkono) na kuzunguka matundu ya stadi, michirizi ya kutu inayotoka kwenye tundu la stadi, ambayo ni dalili kuwa nati ilikuwa inacheza, kingo zilizopinda, na vishimo vya kutu kwenye kiti cha tairi. Hivi vya mwisho vinaua rimu ya tyubulesi ingawa rimu ya tyubu ingeishi navyo, kwa kuwa hapa chuma chenyewe ndicho kinachozuia upepo. Kutu ya juujuu inasafishwa. Shimo ambalo kucha inakwama ndani yake halisafishiki. Rimu yoyote yenye alama ya kuchomelewa ilibaki kwa mwenyewe.

Rangi, vali, kuvisha tairi

Zimepulizwa mchanga, praima tabaka moja, rangi tabaka moja. Nyuso zinazogusana, yaani sahani kwa sahani na sahani kwa habu, zimeachwa na praima nyembamba tu, na vibakuli havikupakwa chochote. Rangi nene chini ya nati hupondeka baada ya kilomita chache, na nati iliyokuwa imekaza inabaki imelegea bila kuzunguka hata kidogo.

Vali ni za chuma za tyubulesi kwa tundu la milimita 9.7, zenye raba ya kuziba pande zote. Vali ya tyubu haifai hapa. Kwa gurudumu la ndani tumechagua vali iliyopinda, na magurudumu mawili yamepangwa ili vali zitazamane pande tofauti, kila moja ifikike kupitia tundu la mkono. Vifuniko ni vya chuma vyenye raba. Vya plastiki havizuii vumbi la Kasenga.

Bonde la rimu ya 22.5 haliko katikati kabisa. Liko karibu na upande mmoja. Tairi inaingizwa kupitia upande huo ulio mfupi. Ukianzia upande mrefu, mdomo wa tairi haufiki bondeni, chuma cha kubandulia kinalazimishwa, na waya wa mdomo unakatika au raba inachanika. Kisha lawama inaenda kwa tairi. Mafuta ya kupaka ni sabuni nzito ya tairi, pande zote mbili. Grisi na mafuta ya injini hula raba na kufanya tairi iteleze juu ya rimu wakati wa breki.

Kukalisha mdomo ndiko kunakowashinda kwado (mafundi tairi wa mtaani) wengi wa Kenya na Katuba, komini za Lubumbashi, na si kwa kukosa ujuzi. Kompresa ndogo inatoa upepo polepole, nao unatoka pembeni haraka kuliko unavyoingia. Kinachohitajika ni ujazo wa ghafla: tangi la lita 50 au zaidi, lililojazwa bar 8, lenye vali pana na mdomo bapa unaoelekezwa kati ya tairi na rimu. Mkanda wa kukaza uliofungwa katikati ya uso wa tairi husaidia kusukuma midomo nje. Kunyunyiza petroli au eta na kuwasha kiberiti tunakutaja ili kukukataza: moto unaweza kubaki ndani, na tairi huweza kulipuka baadaye, wakati mtu ameinama juu yake anajaza upepo.

Baada ya midomo kulia mara mbili, simamisha upepo kwenye bar 1.5, angalia mstari wa duara ulio ubavuni juu ya ukingo wa rimu kama uko umbali sawa pande zote, kisha gurudumu liingie ndani ya kizimba cha chuma kabla ya kuendelea. Bomba refu, klipu inayojishika yenyewe kwenye vali, na mtu asimame mbali na ubavu. Watu wengi hudhani kizimba ni cha rimu za pete tu. Ubavu wa tairi ya radiali (ambayo nyuzi zake hukatiza moja kwa moja kutoka mdomo hadi mdomo, kama hizi za 22.5) uliowahi kukimbia bila upepo unaweza kufunguka kama zipu, na hautoi onyo zaidi ya sauti ya kukatika kwa nyuzi.

Umri wa tairi usomwe kabla ya kulipa: tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT ni wiki na mwaka, mfano 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Zetu 10R22.5 ziliagizwa, haikuwezekana kupata sita za kundi moja zikiwa tayari rafuni.

Kufunga na kukaza

Stadi zilisafishwa kwa brashi, zilizoliwa uzi zikabadilishwa. Vibakuli na vichwa vya nati vimeachwa vikavu. Nati zilianza kwa mkono, kisha kwa mtindo wa nyota, raundi tatu, ya mwisho kwa spana ya kupimia nguvu. Usichukue Newton-mita 600 ya malori mapya yenye stadi za M22 na nati bapa. Stadi za gari hili ni nyembamba zaidi na zitavutika. Namba itoke kwenye kitabu cha gari. Bomba la mita mbili juu ya spana, huku mtu mzima ananing'inia, halijapima kitu.

Nyuma, rimu ya ndani nayo lazima ikae katikati kabla ya nati ya nje kukazwa. Kwenye mfumo huu wa mviringo kuna pete ya chuma yenye umbo la kibakuli kwa upande wa ndani. Zikipotea, rimu ya ndani inaning'inia. Tulikuta nne hazipo.

Kila gurudumu lilizungushwa likiwa juu ya jeki, na kipande cha waya kilichofungwa kwenye kigingi kikiwa karibu na ukingo wa rimu. Mpaka wetu ni milimita 2 kwa juu na kwa pembeni. Gurudumu moja la mbele lilionyesha 4. Baada ya kulivua, chembe ya rangi ngumu ilikutwa nyuma ya sahani. Ilipokwanguliwa likashuka hadi 1.5.

Barabarani

Jaribio la mzigo nusu, RN1 mpaka Likasi, kilomita 120 hivi kwenda. Kusimama baada ya kilomita 50 na kukaza tena nati zote: za nyuma zilikubali kidogo, za mbele hazikusogea. Kasi ya mshale haijabadilika. Usukani ni mzito zaidi gari likiwa limesimama, kwa sababu radiali inalalia eneo kubwa zaidi, ila barabarani lori haliyumbi kufuata mifereji ya lami kama lilivyokuwa. Mbavu zinaonekana zimelegea hata upepo ukiwa sawa. Ndivyo radiali ilivyo, asiwepo wa kuongeza bar mbili kwa kuangalia tu. Upepo unapimwa asubuhi tairi zikiwa baridi, kwa uzito halisi wa ekseli kutoka kwenye mizani na jedwali la mtengenezaji. Tairi ikipata moto barabarani haipunguzwi upepo.

Kwenye barabara ya Kasenga kuna hasara moja ambayo lazima isemwe. Rimu ya pete na tyubu hutengenezwa popote, kwa nyundo, vyuma viwili na pampu. Rimu ya tyubulesi ikipinda ukingo kwenye jiwe inavuja, na hakuna kiraka cha chuma. Kwa msumari, ni nafuu kubwa: upepo unatoka polepole, unafika kijijini. Kamba ya kuziba kutoka nje ni ya kufika nayo nyumbani tu. Baadaye tairi inavuliwa na kuwekwa kiraka chenye shina kutoka ndani, na ndani inakaguliwa kama ilikimbia bila upepo. Kwado akitaka kuweka tyubu ndani ili kumaliza haraka, akataliwe, maana tyubu inaficha jeraha na huota moto dhidi ya mishono ya ndani ya tairi.

Yaliyobaki

Rimu ya 7. Kwa sasa la akiba ni 9.00-20 ya zamani yenye pete nzuri, yenye alama inayolingana. Kipenyo kinakaribiana na 10R22.5 lakini ni ya nyuzi mshazari, kwa hiyo haiingii pacha na radiali hata kwa kilomita chache. Ikilazimu, radiali moja ya mbele inahamia nyuma na hii ya zamani inawekwa mbele, mwendo wa polepole, kwa lami tu, mpaka kwa kwado wa karibu. Kibebeo cha akiba chini ya bodi nacho kinahitaji sahani mpya ya kushikia, kwa sababu cha zamani kilibana ukingo wa pete.

Upangaji wa mwelekeo wa magurudumu ya mbele haujafanyika. Radiali hutaka magurudumu yaelekeane kwa mbele kwa kiasi kidogo kuliko tairi za zamani, na mikono ya usukani ina uchezi wa kushughulikiwa kwanza.

Rimu za zamani zenye pete zisizolingana zimekatwa vipande viwili viwili kabla ya kuuzwa kama chuma chakavu.